Maji Yakihama, Foleni Ihame

Jumatatu, 10 Machi

Rafiki yangu Halimo anasema mtu mwenye wasiwasi kama wangu aandike ama aende kwa daktari, na kwa daktari kuna foleni. Basi naandika. Mama naye husema wasiwasi ndio akili. Kama ni hivyo, mimi ni profesa.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi na Halimo tumeingia kwenye shindano la programu za simu la vijana wa Eastlands. Fainali ni katikati ya Mei. Programu yetu inaitwa Geti Gani. Ilianza na kaka yangu Kiilu, kibarua wa Industrial Area. Kila alfajiri anatoka hapa Tassia, nyuma ya mtaa wa Fedha, anatembea mpaka kwenye viwanda na kusimama getini na umati. Mara nyingi anaambiwa leo hakuna kazi, na huku geti la barabara ya pili linaita watu. Akifika huko, wameshatosha.

Kwa hiyo tumetengeneza kitu chepesi. Kibarua aliye getini anawatumia wenzake ujumbe mfupi wa kawaida, na programu inausoma yenyewe ndani ya simu, inaupanga, inaonyesha geti gani linaita na linataka watu wangapi. Haili bando hata kidogo. Inafanya kazi kwenye simu zenye mfumo wa Tandao, zile za bei nafuu ambazo karibu kila mtu huku anazo.

Mshindi atagharimiwa mwaka mzima: seva, intaneti, mahali pa kufanyia kazi, na watu wa kumsaidia kuisambaza. Asiyeshinda anarudi nyumbani na wazo lake. Mimi nitarudi kwenye saiba ya Fedha, kile kiduka cha kompyuta, kuchapishia watu barua za kuomba kazi, na Halimo atarudi dukani kwa baba yake Eastleigh. Na Geti Gani itakufa, kwa sababu kitu kisicho na mtu wa kukishughulikia hufa.

Jumatano, 12 Machi

Joto. Hakuna mvua, hakuna maji, hakuna habari kutoka kwa waandalizi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya maji. Kwenye ploti yetu maji huja mara mbili kwa wiki, na tangu alfajiri mitungi mitupu hupangwa mbele ya bomba la chini, kila mmoja na alama yake. Wetu una kitambaa chekundu. Mtungi ndio mtu. Ukishauweka, unaweza kwenda kulala, kwenda kanisani, kwenda kugombana na mumeo, nafasi yako ipo.

Leo bomba la chini limekauka katikati ya kazi, maji yakaanza kutoka kwenye bomba la getini. Kwingine hapo ndipo watu hung'oana nywele. Hapa tuna Mutie, keateka wetu anayeangalia ploti, mtu wa kununa kuliko mawingu ya Julai. Mutie ana kamba ya manila. Anaipitisha kwenye vishikio vya mitungi yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu foleni nzima inaburutwa vilevile ilivyo mpaka kwenye bomba jipya. Uliyekuwa wa tatu, unabaki wa tatu.

Ndindi wa ghorofa ya nne, ambaye amehamia juzi, alinyakua mtungi wake akakimbia nao mbele.

"Rudisha," Mutie akamwambia.

"Lakini hii ni bomba ingine!"

"Bomba ni ingine. Line ni ileile."

Aliurudisha akitukana kwa sauti ya chini. Tulicheka sana, mimi hasa, kwa sababu mtungi wetu ulikuwa karibu na mbele.

Alhamisi, 20 Machi

Kiilu amerudi na unga wa saruji mpaka kwenye kope.

"Sis, hiyo kitu yenu ni noma. Imenishow geti ya mabati inataka wasee, nikaenda direct. Wale wengine walibaki wamesimama kwa geti ya sabuni ka sanamu."

Amewawekea wenzake pia. Kuna Sylvance anayesimama geti la kiwanda cha mabati, na mama mmoja wa geti la kiwanda cha chai. Hao ndio wanaotuma ujumbe kila asubuhi. Mimi na Halimo tumepigiana simu tukapiga kelele kama watoto.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimealikwa kwa kina Halimo. Nimekula mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea. Mwezi mzima Halimo amefunga, na mwezi mzima ndiye aliyekuwa akirekebisha makosa ya programu kwa utulivu, huku mimi niliyeshiba chai na mandazi nikilia kila kitu kilipogoma. Hajawahi kunipandishia sauti. Nilimwambia yeye ni mtakatifu, akasema hapana, ni mvivu wa kugombana tu.

Baba yake, Mzee Mohamednur, anauza vitambaa kwa jumla. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwongeli binti yangu, hii mambo ya simu mtamaliza lini? Duka inamngoja huyu."

"Mei, Mzee. Tukishinda, tutaendelea."

"Na msiposhinda?"

Halimo akanimiminia chai nyingine haraka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imeanza. Barabara ya kwenda Fedha ni uji.

Jumatano, 9 Aprili

Leo ilikuwa siku ya mchujo. Nataka kuandika kwa mpangilio.

Tulikuwa makundi mengi kwenye ukumbi. Madam Perez, mratibu wa shindano, alikuwa na simu za Tandao mezani, mpya, zimepangwa vizuri. Majaji wangetumia hizo tu, ili wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Nikasema moyoni, hiyo ni haki. Ikafika zamu yetu. Halimo akaeleza, mimi nikasimama nikitabasamu kama picha ya harusi. Jaji akafungua Geti Gani. Kioo kikawa cheupe, kisha likatokea sanduku dogo: Programu hii hairuhusiwi kusoma ujumbe.

Akafunga, akafungua. Vilevile. Simu nyingine, vilevile.

"Hii simu ina Tandao ngapi?" Halimo akauliza.

"Saba," akasema Madam Perez. "Ilitoka mwisho wa Machi. Simu zetu zilijisasisha zenyewe na Wi-Fi ya hapa. Hamkuona?"

Hatukuona. Na hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi. Huku kwetu, kitu cha kwanza unachofanya ukinunua simu, kabla hata hujaandika namba ya mama yako, ni kuzima ile sehemu ya kujisasisha. Usipozima, simu inakula bando lote ukiwa umelala. Kila mtu amezima. Kiilu amezima, Sylvance amezima, mama wa geti la chai amezimiwa na mwanawe. Na sisi waundaji, wataalamu, na vibandiko vyetu vya majina vifuani, tumezima pia. Tulipima programu kwenye simu zetu na simu zao, zote Tandao ya sita, zote zikakubali, tukajipongeza. Tandao ya saba ilikataza programu kama yetu kusoma ujumbe mfupi wa mtu, na sisi hatukujua chochote.

Tulijiandikisha Januari, na masharti ya Januari yalisema Tandao ya sita. Nililisema hilo. Nililisema mara mbili, ya pili kwa sauti ambayo Mama asingeipenda.

Aliyenijibu si Madam Perez. Alikuwa Griffins, kijana wa Dandora mwenye programu inayoitwa Gunia. Anayeokota plastiki anapiga picha ya gunia lake, wanunuzi wanaliona walipo, wanakuja wenyewe. Griffins aliingia shindanoni mwisho kabisa wa Machi, akajengea toleo jipya tangu mwanzo. Gunia ilikuwa imetoka kufunguka mbele ya majaji kama maua.

"Pole, maze," akasema. "Lakini platform ikichange, unachange. Soko haingoji msee."

Watu wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilimchukia hapo hapo, bila hata kuanza polepole.

Tumerudi nyumbani tumelowa. Stendini Halimo amesema tu, "Kesho tunaenda kuongea vizuri na Madam Perez. Wewe usipige kelele."

Alhamisi, 10 Aprili

Sikupiga kelele. Nilimweleza Madam Perez habari za kamba ya Mutie. Nilimwambia: maji yakihama bomba, aliyetangulia hajafanya kosa, kwa hiyo foleni inahama vile ilivyo. Watu waliojenga kwa toleo la sita wapimwe kwa toleo la sita. La sivyo, sisi wa Januari tunaburutwa nyuma, na wa Machi wanasimama bombani.

Alisikiliza. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi.

"Mfano wako nimeupenda, Mwongeli. Lakini wafadhili wanataka kitu cha kesho. Sita inakufa. Nikikupa ushindi kwa kitu kinachokufa nitakuwa nimekusaidia nini?"

"Watumiaji wetu wote wako sita."

"Kwa sasa."

Ametupa mpaka mwisho wa mwezi tuirekebishe. Griffins alikuwa nje kwenye veranda, akinywa soda. Ametusalimia. Halimo ameitikia, mimi nimeangalia mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu mistari ya kubadilisha.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imepita, sijui ilipitia wapi. Halimo ameijenga upya karibu peke yake. Mimi nimechora kurasa na kuleta chapati. Geti Gani mpya haisomi tena ujumbe. Mtu wa getini anaandika ndani ya programu, habari inakwenda kwenye seva, na simu za wengine zinaichukua huko. Inapendeza zaidi. Lakini sasa inakula bando, na inahitaji seva. Seva tumepewa ya majaribio, bure mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo, tushinde ama izimwe.

Nimemwambia Kiilu aweke mpya, awaambie na wenzake.

"Sawa, sis. Wacha nipate bando nitaiweka."

Amevaa buti, akaondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Madam Perez amepiga simu. Tumepita. Makundi matano yanakwenda fainali, moja ni la Griffins. Nilitegemea nitafurahi.

Ijumaa, 2 Mei

Halimo ameangalia seva. Wanaotumia Geti Gani mpya ni mimi, yeye, binamu zake wawili, na majaji. Getini hakuna mtu hata mmoja.

"Wametuacha," nikasema.

"Ama bado hawajazoea," akasema, lakini hakuniangalia.

Naogopa kumuuliza Kiilu. Anaondoka kabla sijaamka, anarudi amechoka, na mimi najifanya nina kazi. Nikimuuliza atasema ukweli, na ukweli siuwezi kabla ya fainali.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa. Griffins alikuja saibani amelowa mpaka soksi. Nilidhani anataka kuchapisha kitu.

"Niaje, Mwongeli."

"Poa. Rangi ama nyeusi?"

"Si printing. Tandao wametoa kirekebisho jana, saba nukta moja. Gunia haisave picha tena. Wameblock ile folda ya picha. Nikirekebisha ni wiki mbili, na final ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Nilisikia kitu kitamu kikipita kooni. Naandika ukweli: kilikuwa kitamu. Mkuki kwa nguruwe.

"Platform ikichange, unachange," nikamwambia. "Soko haingoji msee."

Alitazama viatu vyake. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye sakafu ambayo nimetoka kuipangusa.

"Nilisema. Najua nilisema." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Madam Perez amesema ni late sana, atatuachia tuamue wenyewe. Jumatatu kila kundi lipige kura moja. Final itumie saba ile tulijengea, ama hii mpya. Nakuomba kura yako. Sina kitu ya kukupea."

Nilimwambia nitafikiria. Programu yetu inafanya kazi kote kuwili, nimeipima jioni hii. Ikipita ile mpya, Gunia inaanguka, na kila mtu anajua Gunia ndiyo ya kuogopwa. Bila Gunia, sisi ndio tunashinda.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Halimo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amenipandishia sauti.

"Kura? Sisi tulipigiwa kura gani? Sisi tulipohama tuliburutwa na kamba ya nani?"

"Hakuna."

"Basi! Mimi Pasaka yenu yote nimekaa kwa kiti mgongo unaniuma, nikiandika upya kitu ambacho kilikuwa kizuri. Yeye alikuwa anakunywa soda. Sasa ni zamu yake ya kukaa kwa kiti."

"Lakini Halimo, tulisema si haki..."

"Tulisema, na tukaambiwa haki ni kitu cha kesho. Wallahi, Mwongeli, usiniletee kamba hapa. Ukipiga hiyo kura, unapiga kura mimi nirudi dukani."

Ana haki. Nimejaribu kutafuta mahali amekosea na sijapaona.

Alhamisi, 8 Mei

Sijala. Mama anasema ni amiba.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya maji, na kioja kingine. Bomba zote mbili kavu, kisha boza la maji likasimama barabarani. Watu wakaanza kukimbia, na Mutie akatoka na kamba yake akitukana mvua, serikali na sisi.

Mtungi wa Ndindi ulikuwa wa tatu. Alikuwa ameuweka vizuri, kwa zamu yake, kisha akaenda kazini. Kiilu, aliyekuwa nyumbani leo, alisema kwa sauti, "Hiyo ya Ndindi iache nyuma. Si yeye alikuwa anaturuka?" Wengi wakaunga mkono. Mimi nikaunga mkono, nakubali.

Mutie hakusimama hata. Akapitisha kamba kwenye kishikio cha Ndindi kama cha kila mtu.

"Mutie, huyo ni mwizi wa line!" Kiilu akamwambia.

"Mimi nafunga mitungi," akasema. "Ukitaka kufunga Ndindi, ngoja akuje umfunge mwenyewe."

Tukaburuta. Nilikuwa nimeshika kamba karibu kabisa na mtungi wake, wa kijani, una mpasuko kwenye mdomo. Ulipiga mguu wangu njia nzima mpaka barabarani. Nimerudi nyumbani nikajifungia bafuni, nikalia, na maji ya kunawa yalikuwepo.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Tulikaa makundi matano, Madam Perez mbele. Kila kundi mkono mmoja, wa kiongozi aliyejiandikisha. Kiongozi wetu kwenye karatasi ni mimi, kwa sababu Januari Halimo alikuwa na mafua na mimi ndiye niliyekwenda.

Griffins akainua mkono, yabaki yalivyokuwa, saba ile ya kwanza. Kundi la Kayole likamuunga mkono. Kundi la Umoja na la Buruburu wakasema hapana, itumike mpya. Wawili kwa wawili. Watu wote wakanigeukia. Halimo alikuwa amekaa kando yangu, mikono imefungwa, macho mbele. Sikumtazama. Nilikuwa naona ule mtungi wa kijani na mpasuko wake. Nilitaka sana mkono wangu uwe mzito, ukatae, ili niseme si mimi. Haukuwa mzito. Uliinuka kirahisi.

"Yabaki yalivyokuwa," nikasema.

Griffins alifunika uso. Halimo akachukua mkoba wake akatoka, nami nikamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Hukuniuliza," akasema.

"Nilijua utakataa."

"Ndiyo maana ulikuwa uniulize."

Akashuka kwenye mvua bila mwavuli. Mwavuli nilikuwa nao mimi.

Nimefanya jambo la haki kwa Griffins na jambo baya kwa Halimo kwa mkono uleule. Natafuta namna ya kuyatenganisha na siioni.

Jumamosi, 17 Mei

Gunia imeshinda. Sisi ni wa pili. Wa pili anapewa cheti na fulana.

Halimo alikuja, akaeleza programu yetu vizuri kuliko siku zote, akapeana mikono na majaji, akaondoka. Griffins jukwaani alimshukuru Mungu, mama yake na wafadhili. Baadaye alinikuta kwenye ukumbi wa nyuma nikikunja bango letu.

"Asante kwa ile kura."

"Haikuwa yako," nikamwambia. Sijui kama alielewa. Mimi mwenyewe sina hakika.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempigia Halimo. Hakupokea.

Alhamisi, 22 Mei

Nimempigia. Mzee Mohamednur amepokea, akasema yuko na wateja. Alisema kwa upole, kama kawaida yake, na upole huo umenimaliza.

Jumanne, 27 Mei

Mvua inapungua. Saibani nimechapisha barua za kuomba kazi mpaka wino ukaisha.

Jumamosi, 31 Mei

Leo ndiyo siku ya mwisho ya seva. Nimeifungua mchana kuiangalia. Watumiaji: mimi. Hata binamu za Halimo wametoka. Nimekaa nikiangalia jina langu peke yake kwenye ukurasa, kisha ukurasa ukaacha kufunguka. Geti Gani imekufa. Nimemwambia Mama naumwa kichwa, akasema amesema tangu zamani ni amiba.

Jumanne, 3 Juni

Nimeamka mapema bila sababu, kabla ya Kiilu kuondoka. Jana ilikuwa mapumziko, leo ndiyo wanarudi viwandani. Alikuwa kwenye mlango anafunga buti. Simu yake ilikuwa kwenye kiti, ile kuukuu yenye ufa. Ikalia. Mlio mfupi, wa mara mbili.

Mlio huo naujua. Niliuchagua mimi mwenyewe, mwezi wa pili, kati ya milio mingi mibaya.

Nikaiokota. Kwenye kioo kulikuwa na rangi zetu za kwanza, zile za kijani kibaya ambazo Halimo alizikataa. Geti la mabati, wanaume sita, wanawake wanne. Geti la chai, kesho. Geti la sabuni, hakuna.

"Kiilu, hii ni nini?"

"Si ni app yenu?"

"Tumeizima! Jumamosi!"

"Mmezima nini? Iko tu. Sylvance ametuma sahi."

"Ile mpya, Kiilu. Niliyokwambia uweke."

Akakuna kichwa. "Ah, hiyo. Sikuwekanga. Inakula bando. Nikaambia pia wasee waachane nayo, hii ya kwanza iko sawa." Akaniangalia vizuri. "Kwani sis, ulikuwa unalia nini mwezi mzima? Nilidhani ni chali amekuacha."

Nilikaa chini, sakafuni. Programu ya kwanza haihitaji seva. Inasoma ujumbe ndani ya simu, na simu zao ni Tandao ya sita, na itabaki ya sita kwa sababu kila mtu amezima kujisasisha. Hawakutuacha. Hatukuwaona tu, kwa sababu tulikuwa tunawatafuta kwenye seva, na wao hawajawahi kwenda huko.

"Mko wangapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Mageti karibu yote ya road yetu. Juzi nimeona msee wa Dandora simjui ako nayo." Akachukua simu mkononi mwangu. "Nipee, nitachelewa. Mabati wanataka sita tu."

Akaondoka akikimbia.

Najua simu hizo zitakufa moja moja. Zitaanguka ndooni, zitaibiwa, na mpya zitakuja na saba, na nane. Wasiwasi umesharudi, uko hapa umeketi nami. Lakini leo asubuhi kuna watu ambao hawatembei bure.

Nimempigia Halimo. Imelia mpaka karibu ikatike, halafu akapokea. Nyuma yake nilisikia vitambaa vikitupwa mezani na mtu akibishana bei.

"Mwongeli, niko kazini."

"Ile ya kwanza bado inafanya kazi."

"Ya kwanza gani?"

"Geti Gani ya kwanza. Yako. Ile nzuri. Kiilu hakuweka mpya, hakuna aliyeweka. Wanaitumia, Halimo. Wote. Sahi hivi ninavyoongea."

Yule mtu wa bei hakusikika tena, ama Halimo alifunika simu. Kisha nikasikia pumzi, na sauti yake, ndogo, ya zamani.

"Umeigusa?"

"Bado."

"Wallahi, usiiguse," akasema. "Usibadilishe hata rangi. Nakuja."